Ombi la Nne

Kila mtoto wa kipaimara katika usharika wetu hufundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, na wengi hukwama kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana. Si gumu, ni refu. Anapoeleza mkate wa kila siku ni nini, Luther hataji mkate peke yake. Anataja nguo na viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali nzuri ya hewa, hata majirani wema. Nimelifundisha ombi hilo tangu nilipomaliza masomo Makumira. Mwaka 2019, nilipoomba ruhusa ya kwenda Japani kwa miezi tisa kusomea uongozi wa vijijini na kilimo, ndilo nililowasomea wazee wa kanisa.

Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba Mchungaji, kulima tunajua. Wewe tunakuhitaji kwa Neno." Hakuwa anadhihaki. Sisi ni watu wa Njombe. Mahindi na viazi ndivyo vilivyojenga kanisa letu, gunia kwa gunia, kwenye minada ya sadaka ya mavuno. Nilimjibu kwamba ninaowabatiza na kuwazika ni watu ambao udongo wao umechoka, wanaokopa mbolea Novemba na kulipa deni kwa mahindi Julai, na vijana wao wanapanda basi kwenda Dar es Salaam. Jibu langu halikumridhisha. Baraza liliruhusu hata hivyo. Mke wangu, ambaye ndiye angebaki na watoto na ng'ombe, aliuliza jambo moja tu: kama nitarudi nikiwa bado nataka kuvaa kola.

Chuo chenyewe kinaitwa Asian Rural Institute. Wajapani hukiita Ajia Gakuin. Kiko Nasushiobara, mkoa wa Tochigi, kaskazini ya Tokyo. Kilianzishwa mwaka 1973 na mchungaji, Toshihiro Takami, na mizizi yake iko katika kozi iliyoanza mwaka 1960 kwenye chuo cha theolojia cha vijijini. Kwa hiyo mchungaji mwenye jembe si kitu kigeni pale. Wanafunzi hutoka Asia, Afrika na kwingineko, Wakristo na wasio Wakristo, wote wakiwa watu wanaotumika tayari vijijini kwao.

Asubuhi tulianza na mazoezi ya viungo, kisha usafi, kisha shamba na mabanda, ndipo chai. Hakuna aliyeniita Mchungaji. Kwetu mchungaji akishuka kwenye pikipiki mkoba wake unapokelewa kabla hajakanyaga chini. Pale nilisugua choo, na walimu nao walikuwa na zamu zao. Binti wa kutoka Myanmar, mdogo kwangu kwa miaka ishirini hivi, ndiye aliyenifundisha kumshika nguruwe mgonjwa. Zamu ya kuongoza kikundi ilipokuja kwangu, nilipaswa kujua nani ameumwa mgongo, nani hajapata barua kutoka kwao, na nani anapaswa kumwagilia mboga leo. Hilo ndilo somo la uongozi lilivyofundishwa. Vitabu vilikuwepo, lakini sivikumbuki sana.

Wale ndugu wameunganisha maneno mawili, chakula na uhai, yakawa neno moja, kwa kuwa wanasema hayawezi kutengana. Mimi niliyesoma ombi la nne sikuona ajabu.

Jambo lililonishika zaidi ni la mwaka 2011. Tarehe 11 Machi tetemeko lilipiga, majengo ya chuo yakaharibika, na mitambo ya nyuklia ya Fukushima, iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, ikamwaga mionzi iliyobebwa na upepo. Fikirini: udongo mliolisha mboji kwa karibu miaka arobaini bila tone la dawa ya kiwandani, unapokea kwa siku chache sumu ambayo hamkuiweka ninyi. Ningekuwa mimi, ningehama, na ningepata mstari wa Biblia wa kuhalalisha. Wao walibaki. Walipima udongo, walipima mchele, wakafungua kituo cha kupima chakula ambako majirani nao waliweza kuleta mazao yao. Nilikaa muda mrefu na habari hiyo. Tunahubiri kwamba Mungu ni mwaminifu, na tunamaanisha kwamba mavuno yatakuwa mazuri. Wale walikuwa na kipimo mkononi, na kila asubuhi waliomba mkate wa siku ile.

Nilirudi Desemba na kola yangu. Usharika una ekari nane ambazo hukodishwa, na kodi yake ndiyo posho ya wainjilisti wawili. Niliomba ekari mbili tutumie bokashi, mbolea ya kuchachusha: samadi ya kuku, pumba za mahindi badala ya zile za mpunga, udongo wa msituni na vumbi la mkaa. Unaigeuza kila siku, nayo inapata joto mpaka mkono hauvumilii. Mhazini alipiga hesabu mbele ya baraza: ekari mbili pungufu ni posho ya mwinjilisti mmoja kwa miezi sita.

Tulivuna mara ya kwanza Julai 2021: magunia 11 kwa ekari. Mpangaji wa jirani, aliyetumia mbolea ya dukani, alipata 17. Msimu uliofuata bei ya mbolea ilipaa, yeye akapanda na nusu ya mbolea aliyozoea, nasi tukamkaribia. Kisha ruzuku ya Serikali ikaja mwaka 2022, nami niliifurahia kwa ajili ya washarika wangu, ingawa ilinipunguzia hoja. Sidhani kwamba mwenye ekari kumi na mikono miwili anaweza kugeuza bokashi ya shamba lote. Anayesema hivyo hajawahi kushika beleshi. Lakini mjane mwenye robo ekari anaweza, na wajane kwetu ni wengi. Saba kati yao wanaitengeneza sasa, nyuma ya kanisa, Jumanne, na watoto wa kipaimara wanabeba pumba. Ombi la nne siku hizi nalifundishia huko.

Posho ya mwinjilisti tunaichangia kwa bahasha, na miezi miwili iliyopita haikutimia. Mhazini ameomba ekari mbili zirudi kwenye kodi. Baraza linakaa Jumamosi ijayo. Kura yangu ni moja kama ya wengine.