Mchwa hawaogopi rangi mpya

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi wajomba wengi kwenye magrupu ya familia: ile pesa mnatuma nyumbani kila Disemba ya kupaka nyumba rangi, mara nyingi inawasaidia mchwa kujificha. Rangi mpya inatoka poa kwa picha, sikatai. Lakini mchwa hawana shida na rangi. Wanakula mbao iliyo nyuma yake na kuacha ngozi nyembamba juu, kama mandazi yenye hewa ndani. Unaona fremu ya mlango imesimama, kumbe iliyosimama ni rangi.

Wenye mnanifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma. Familia ikaona huyu kijana ana muda, simu na bando, basi nikatumwa Kitui kukaa na susu, mamake mama, goti lilipoanza kumsumbua. Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. Nyumba yake ni ya tofali, vyumba vitatu na mabati, na walijenga na babu polepole kwa pesa ya ndengu na mbuzi. Babu amezikwa hapo kando, chini ya mwembe. Kwa hivyo nikisema "nyumba", elewa si kuta tu.

Oktoba mjomba wangu mkubwa alikuja wikendi, akagonga fremu ya mlango wa jikoni, na kidole kikazama ndani. Kikazama kabisa. Akatoa unga wa mbao na udongo, akauangalia, akasema, "Mama, hii nyumba imeisha. Tutabomoa. Wewe utakuja tukae Nairobi." Susu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kuku?" Watu walicheka. Mimi nilimwangalia uso, na hakuwa anafanya mzaha. Nyumba ya mjomba iko ghorofa ya nne, na mtu wa goti baya akipanda huko, hashuki tena mpaka Jumapili. Ikaamuliwa familia itakutana Disemba na kukata shauri.

Mwaka uliotangulia kuna mtu alishakuja na pampu ya mgongoni, akapuliza dawa ndani ya nyumba yote, akalipwa, akaenda. Mchwa walionekana wamekufa, kila mtu akafurahi. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Wale unaowaona ni vibarua tu. Koloni yenyewe iko ardhini, na malkia anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Ukiua vibarua mia tatu ukutani, huko chini hakuna hata matanga.

Safari hii niliita fundi wa mbao, mzee mmoja wa sokoni. Alikuja na bisibisi peke yake. Hakupuliza chochote. Alizunguka nyumba akigonga kila mbao kwa mpini, ko, ko, ko, halafu mahali fulani sauti inabadilika na kuwa kama ya debe tupu. Hapo ndipo anadunga. Kisha akaniambia niiname chini, nitazame ukuta kutoka nje. Kulikuwa na mistari ya udongo, minene kama penseli, imetoka ardhini na kupanda ukuta hadi kwenye fremu. Nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi nikienda kufungulia kuku.

Ile mistari ni barabara. Mchwa ana mwili laini, jua na hewa kavu vinamuua haraka, kwa hivyo hatembei wazi. Anajijengea handaki la udongo na mate, ndani kuna giza na unyevu, na linamfikisha hadi kwa chakula. Ukielewa hilo, unaelewa kwamba kulinda nyumba si vita ya kuua kila mchwa. Hutawamaliza, na hata hufai kuwamaliza. Hao ndio wanaokula miti iliyokufa na kurudisha rutuba kwa udongo, na udongo wa kichuguu umekandika nyumba nyingi za huku. Wao wako kazini. Kazi yako ni kuwanyima vitu viwili: unyevu, na njia ya kupita bila kuonekana.

Kwa susu, tuliwapa vyote viwili bure. Gata ya upande wa jikoni ilikuwa imetoboka, maji ya mvua yanadondoka pale pale chini ya ukuta. Kuni zilikuwa zimepangwa zikiegemea ukuta huo huo, maanake ni karibu na moto. Na wale waliokuja kupaka rangi walisawazisha udongo na kuupandisha juu, mpaka msingi ukafunikwa na udongo ukagusa plasta. Kwa hivyo mchwa wangeweza kutoka ardhini hadi mlangoni bila mtu yeyote kuona hata sentimita moja ya safari yao.

Kazi tuliyofanya haina cha kupendeza kwa video. Tulichimba udongo ukashuka hadi msingi ukaonekana sentimita kumi na tano hivi, nyumba nzima. Tukaziba gata na kuelekeza maji kwa tanki. Kuni tukazihamisha mbali na nyumba, juu ya mawe. Tukakwangua mistari yote, ili ikijengwa upya tujue bado wanakuja na wanapitia wapi. Kisha ndipo dawa ikaingia, kwa mtaro mwembamba tuliochimba kuzunguka msingi, siyo kwa ukuta wa sebuleni. Inafaa kukaa kwa udongo, pale wanapopita kabla ya kufika.

Kuhusu dawa, sikiza vizuri. Usinunue kitu kimewekwa kwa chupa ya soda bila lebo. Dawa halali Kenya ina namba ya usajili ya PCPB kwa lebo, na lebo inakwambia kipimo, glavu na umbali kutoka kwa maji. Zamani watu walitumia dawa kama dieldrini na klodeni kwa mchwa. Zinakaa kwa udongo miaka na miaka na kuingia kwa miili ya watu, ndiyo sababu zilikuwa kwa orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa 2001. Na ile oili chafu ya gari mnamwaga kwa nguzo za boma, inaharibu udongo na inaweza kufika kwa maji mnayokunywa. Kuku pia wanachakura hapo hapo, na hao kuku mtawala Krismasi.

Fremu mpya tulitengeneza kwa mukau. Watu wa Ukambani wanaujua huu mti tangu kitambo: ule moyo wake wa ndani mchwa hawautaki. Ni ghali kuliko saipresi, lakini unanunua mara moja. Na kama ndio unaanza kujenga, bahati yako. Dawa hupulizwa kwa udongo kabla ya nailoni na zege ya sakafu kuwekwa. Simama hapo siku hiyo uone kwa macho yako, kwa sababu zege ikishamwagwa, hakuna mtu atakayejua kama iliwekwa au ililiwa na mfuko wa mtu.

Novemba mvua ikanyesha, kumbikumbi wakatoka jioni na kujaa kwa taa. Huko magharibi mwa Kenya hii ingekuwa sherehe, wakaangwe na chumvi waliwe na ugali. Mimi nilikula pia, siringi. Lakini asubuhi nikafagia mabawa dirishani nikijua maana yake: hao ndio wafalme na malkia wapya, wanatupa mabawa, wanajipata wawili wawili na kutafuta mahali pa kuchimba. Kwa hivyo wiki hiyo nilizunguka nyumba kila siku. Siku ya tano kulikuwa na mstari mpya, mfupi kama kidole, kwenye kona ya jikoni. Ulikuwa umeishia njiani. Nikaukwangua, na haukurudi.

Disemba wakaja wote. Mjomba alirudi kwa ule mlango, akagonga, akagonga tena kwa nguvu. Akaenda nyuma, akaangalia msingi. Aliuliza ni pesa ngapi, nikamwambia: dawa, mbao, bati la gata na fundi, jumla ilikuwa chini ya ile alituma ya rangi. Hakusema nimefanya vizuri, wajomba hawasemi hivyo. Alisema, "Na ukienda Nairobi, nani ataangalia?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Binamu yangu wa miaka kumi na moja ndiye anaangalia. Kila Jumamosi anazunguka na tochi na fimbo, susu akiwa ameketi kwa kiti anamwonyesha pale ameruka, na ananitumia picha ya kila kona. Kubomoa hakukutajwa tena, na susu hajahama.

Sisi kizazi chetu tunapenda kabla na baada. Tunataka ile video ya nyumba mbovu, muziki unapiga, halafu nyumba inang'aa. Ile ya kuhamisha kuni ilipata watazamaji mia mbili, na naona kumi na tano kati yao ni mimi mwenyewe. Lakini nyumba ya mzazi hailindwi na siku moja kubwa. Inalindwa na mtu kuinama kila wiki kuangalia ukuta ambao hauna kitu. Nimeitwa mvivu kwa sababu sina digrii, na labda wengine wenu mmeitwa hivyo pia. Hii kazi haiulizi cheti, inauliza tu nani yuko.

Ukienda ushago mwezi huu, kabla hujapiga picha na mbuzi, fanya hivi. Zunguka nyumba ukiwa umeinama. Tafuta mistari ya udongo, gonga fremu zote kwa bisibisi, angalia maji ya mvua yanaangukia wapi, ondoa chochote cha mbao kinachogusa ukuta na ardhi pamoja. Itakuchukua nusu saa. Halafu kabla ya kurudi mjini, mwonyeshe mtoto wa pale nyumbani jinsi ya kufanya hivyo, na umwachie tochi.