Mwalimu Asiyekuona

Ukiacha chuo kwa kukosa karo, kuna maneno ya faraja utakayoyasikia mpaka uyachoke. Ati siku hizi elimu yote iko kwenye simu. Ati digrii ni karatasi tu, kila kitu kiko YouTube, bando la shilingi 50 linatosha. Nilipoondoka nikiwa mwaka wa pili, mjomba aliniambia hivyo, majirani wakaniambia hivyo, hata mtu niliyeketi naye kwenye matatu akaniambia hivyo hivyo.

Maneno hayo yana ukweli, tena mwingi. Kupanga hesabu kwenye Excel nilifundishwa na kijana mmoja wa India ambaye hajui kama nipo duniani. Kuhariri sauti nilifundishwa na mama fulani aliyerekodi somo lake jikoni, kuku wakilia huko nje. Hakuna aliyewaajiri wanifundishe. Waliijua kazi, wakahisi kuna mwingine atakwama pale walipokwama wao, wakawasha kamera. Kodi ya nyumba nailipa kwa ujuzi wa watu hao.

Mkenya anayelijua jambo hili kuliko wengi ni Julius Yego. Nchi yetu inajua kukimbia. Kurusha mkuki kulikuwa habari nyingine. Hakuwa na kocha wa mkuki, basi akawa anaingia saiba kutazama video za mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen, kisha anaenda uwanjani kujaribu. Mwaka 2011 alishinda dhahabu kwenye Michezo ya Afrika jijini Maputo. Mwaka 2015, jijini Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Tukambandika jina la Mr. YouTube. Tunaipenda sana hadithi hiyo, maana inatupa moyo kwamba mtu anaweza kufika peke yake.

Ila huwa tunaruka kipande cha katikati. Kati ya Maputo na Beijing, Yego alipata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Kuortane, nchini Ufini, chini ya kocha Petteri Piironen. Huko kulikuwa na kitu ambacho saiba haina: mtu wa kusimama kando na kumtazama akirusha. Video itakuonyesha mkono wa Železný, lakini wako haiuoni. Unaweza kuirudia mara mia na kosa lako likabaki palepale.

Hicho ndicho nilichokikosa nilipoacha chuo. Mihadhara naipata, mingine mizuri kuliko ile niliyoilipia. Nisichokipata ni mhadhiri wa kunirudishia insha ikiwa imejaa wino mwekundu, na wenzangu wa kikundi tuliokuwa tukibishana hadi usiku wa manane: "Hapo sijakushika, hebu eleza tena." Hakuna video iliyowahi kuniambia haijanishika.

Kwa hivyo tumejipanga, mimi na waandishi wenzangu wawili. Kila Alhamisi tunatumiana rasimu kwenye WhatsApp, na sheria ni moja tu: usijibu "poa sana." Taja sentensi iliyokukwaza. Wiki nyingine inauma. Lakini tangu tuanze, wateja wangu wameacha kunirudishia kazi mara tatu tatu.

Juzi binamu yangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na karo ya chuo haionekani itatoka wapi, aliniuliza aanzie wapi kujifunza kuhariri sauti. Sikumwambia kila kitu kiko YouTube, ingawa kwa kweli kiko. Nilimtumia video tatu, ya yule mama wa jikoni ikiwa ya kwanza. Halafu nikamwambia, "Rekodi dakika mbili uzihariri, hata zikitoka vibaya. Jumapili nakuja kwenu, tuzisikilize pamoja."