Kuchagua Njia ya Kusoma Seli Moja Moja: Somo la Bahasha Sitini

Yapo mambo ya sayansi ambayo mwalimu wa shule ya msingi huambiwa kuwa hayamhusu, kwa sababu tu mitambo yake iko mbali na bei yake haitamkiki. Usomaji wa RNA ya seli moja moja umo katika mambo hayo. Kwa maoni yangu unamhusu, hasa yule atakayepangiwa shule za kandokando ya Ziwa Victoria; na hapa nitaeleza jinsi nilivyoufundisha kwa wanachuo wangu kama suala la kuchagua njia, wala si kama sifa za mitambo.

Nianze na hapa nyumbani. Tangu mwaka 2019 wilaya yetu ya Misungwi ilikuwa uwanja wa jaribio kubwa la vyandarua, lililoshirikisha kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Vijiji viligawanywa katika makundi 84, yakapewa aina nne za vyandarua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya miezi 24, penye chandarua cha kawaida, watoto 549 kati ya 1,199 waliopimwa walikuwa na malaria, yaani asilimia 45.8, penye chandarua kilichoongezwa dawa ya klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Wengi wa watoto wa umri wa shule wenye vimelea hawalali kitandani kwa ugonjwa. Wamo darasani, wanacheza mpira, na mbu anapowauma usiku huondoka na alichokikuta katika damu yao.

Jaribio lile lilihusu vyandarua. Lakini linatuachia swali la seli: katika damu ya mtoto yule, ni vimelea vipi vinavyoweza kuendelea na safari ndani ya mbu? Si vyote. Vilivyo vingi hujigawa tu ndani ya seli nyekundu za damu. Vichache sana hugeuka kuwa vya kike na vya kiume, na ni hivyo tu vinavyoendeleza uzazi tumboni mwa mbu.

Kimelea kilichogeuka na kile kisichogeuka vina DNA ileile. Tofauti yao imo katika RNA, yaani nakala za maagizo ambayo seli inayatumia kwa wakati huo. Kwa miaka mingi wataalamu walilazimika kusaga maelfu ya seli pamoja ili wapate RNA ya kutosha kusomwa. Mkulima wa hapa ataelewa hasara yake: ukisaga debe la mtama lililoingiwa na dengu, huwezi tena kuuliza unga ni punje ipi iliyokuwa dengu. Mwaka 2009 ndipo ilipochapishwa kazi ya kwanza ya kusoma kwa mapana RNA ya seli moja, iliyotoka katika kiinitete cha panya.

Tangu hapo njia zimeongezeka, nami kwa ajili ya darasa nilizigawa makundi mawili. Ya kwanza huweka kila seli katika kishimo chake, kwenye kibao chenye vishimo 96 au 384. RNA hunakiliwa kuwa DNA, nakala huongezwa mara nyingi, kisha husomwa kwa urefu wake wote. Smart-seq2, iliyotangazwa mwaka 2013 kutoka Uswidi, ni ya aina hii. Ya pili ilitangazwa mwaka 2015 kwa majina ya Drop-seq na inDrop. Hiyo hufungia seli katika tone dogo la maji lililo ndani ya mafuta, pamoja na chembe yenye alama ya pekee. Alama hiyo hubandikwa kwenye nakala za seli ile, kama namba ya mtahiniwa iandikwavyo kwenye kila karatasi yake. Baadaye karatasi zote huchanganywa na kusomwa pamoja. Maelfu ya seli husomwa kwa mkupuo mmoja. Gharama yake ni kwamba husomwa ncha tu ya nakala, nakala nyingi hazinaswi, na pengine tone moja hubeba seli mbili zikahesabiwa moja.

Maelezo hayo peke yake yangewalaza wanachuo. Kwa hiyo niliandaa bahasha 60, kila moja ikiwa na vikaratasi 20 vya maneno. Bahasha ni kimelea, maneno ni RNA. Katika bahasha tatu tu, vikaratasi vitano viliandikwa neno "kike" au "kiume". Nikaunda vikundi viwili na kukipa kila kimoja ruhusa ya kusoma maneno 120, basi. Kikundi cha kwanza kilifungua bahasha sita na kusoma kila kilichomo. Cha pili kilichomoa vikaratasi viwili viwili katika bahasha zote sitini.

Kikundi cha kwanza hakikukutana na kimelea cha pekee hata kimoja, ingawa kilieleza bahasha zake sita vizuri ajabu. Cha pili kilinasa kimoja kati ya vitatu. Hakikuweza kusema lolote zaidi juu yake. Tukarudia. Safari hii kikundi cha kwanza kikaangukia bahasha yenye "kike", na kwa kuwa walisoma yote waliona pia maneno mengine yaliyoandamana nalo. Ubishi ukawa mkubwa, nami sikuuzima.

Mwanachuo mmoja akauliza, "Mkufunzi, kwa nini tusifungue zote na kusoma kila kitu?" Hili lilikuwa swali bora la siku ile. Nikamwomba ahesabu: ni vikaratasi 1,200, na kengele ilikuwa imebakiza dakika saba. Katika maabara kengele hiyo ni fedha ya kusomea.

Ndipo nilipowapa mifano ya kweli. Watafiti waliotaka kujua jinsi kimelea kinavyoamua kugeuka walitumia Drop-seq, na mwaka 2017 wakatangaza usomaji wa vimelea zaidi ya 18,000. Kitu adimu hutafutwa penye wingi. Mwaka 2019 waliotengeneza atlasi ya seli za malaria, wakiongozwa na taasisi ya Sanger ya Uingereza, walitumia njia zote mbili: seli 1,787 kwa vishimo, kufuata maisha yote ya kimelea cha malaria ya panya, na seli 15,858 kwa matone, kwa hatua za ndani ya damu.

Lipo jambo jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko bei. Seli hai haisubiri. Damu ikikaa kwenye chupa njiani kutoka kijijini, RNA hubadilika, na mtafiti akasoma habari za safari badala ya habari za mtoto. Kwa sababu hiyo mimi huzipenda njia zinazogandisha seli kwanza kwa dawa, kama SPLiT-seq ya mwaka 2018, ambayo hutumia seli yenyewe kuwa chombo chake na haihitaji mtambo wa matone.

Wanachuo waliona wenyewe kuwa wastani wa darasa ni unga wa aina yake. Mwalimu mwenye watoto tisini wa darasa la pili aweza kumsomesha kila mmoja sentensi moja, au kuketi na watoto watano kwa nusu saa. Asiyejua kusoma kabisa ataonekana kwa njia ya kwanza. Sababu yake itaonekana kwa ya pili. Wengine walidai kuwa mfano huu unavutwa mno, kwani mtoto hurudi kesho na seli hairudi. Wana haki.

Bahasha zimo kabatini katika chumba cha sayansi, na aendaye mazoezi ya kufundisha anaweza kuziazima. Kwa darasa la sita ziwe ishirini, zenye vikaratasi kumi kumi. Bahasha za pekee ziwe mbili, na wanafunzi wasiambiwe idadi yake kabla ya kuanza.