Usiache Mbachao: Nasaha Juu ya Kupandisha Almasi ya Pete



Mwezi huu tungependa kuzungumzia jambo ambalo kwa baadhi yenu litaonekana la anasa, nalo ni almasi. Hatusemi kwamba kila nyumba yetu ya ughaibuni inayo. Lakini vijana wetu waliokulia huku wameizoea ada ya pete yenye jiwe, na siku hizi si bangili na mikufu ya sonara pekee inayopelekwa kwa bibi harusi. Ada hiyo, hata kwa Wazungu wenyewe, si kongwe kama wengi wanavyodhani. Ilienezwa mno huko Marekani na matangazo ya kampuni ya De Beers kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na kaulimbiu yao mashuhuri, ile iliyoifungamanisha almasi na umilele, ilitungwa mwaka 1947. Ajabu ni kwamba biashara iliyowafundisha watu kuwa jiwe hili haliachwi maisha, leo ndiyo inayowaalika walirudishe dukani wachukue kubwa zaidi.

Mwaliko huo ndio tunaouita hapa kupandisha almasi. Mtu hununua jiwe katika duka la nchi za mbali, na duka likamwahidi kwamba siku yoyote akitaka jiwe la bei ya juu, litalipokea lile la kwanza kwa bei ile ile aliyolinunulia, naye ataongeza tofauti. Likisikika hivyo, ni jambo jema kabisa. Nani asiyependa kuvaa kitu kwa miaka 10 kisha akahesabiwa bei yake yote, bila kupunguziwa hata senti?

Jambo hili lilitufikia nyumbani kwetu mwaka 2024. Mkwe wetu, aishiye na binti yetu hapa Uingereza, alikuja na bahasha ya karatasi akatuomba tumsomee, kwa kuwa katika ukoo wetu karatasi zote ngumu huletwa kwa mwalimu mstaafu. Walikuwa wakikaribia kutimiza miaka 10 ya ndoa. Pete aliinunua Marekani: almasi kwa dola 3,000, na dhahabu inayoishika kwa dola 700. Sasa Mwenyezi Mungu amemfungulia riziki, akataka kulipandisha jiwe lile kwa siri, ili siku yenyewe mkewe afunguliwe kijaluba aone jiwe jipya. “Baba,” alisema, “nataka nimfurahishe.” Nia yake ilikuwa njema, nasi hatukuwa na shaka nayo. Tukavaa miwani tukasoma.

La kwanza tuliloliona ni kwamba ahadi ile ilikuwa na masharti, na masharti yalikuwa katika maandishi madogo. Jiwe jipya lazima liwe na bei isiyopungua maradufu ya lile la kwanza. Si maduka yote yenye sharti hili. Mengine hutosheka na bei iliyozidi kidogo tu. Lakini hili la maradufu ni la kawaida, na maana yake ni kwamba mwenye jiwe la dola 3,000 hana njia ila kuchukua la dola 6,000 na kutoa dola 3,000 nyingine. Aidha, kilichohesabiwa ni bei ya jiwe peke yake. Zile dola 700 za dhahabu, gharama za posta na kodi iliyolipwa mwanzo, vyote havimo. Kadhalika, jiwe lirudi bila ufa wala kukwaruzika, likiwa na cheti chake cha asili. Hapa tuliwakumbuka wazee wetu waliosema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kupoteza cheti mara nyingi huwa amepoteza na ahadi.

La pili ni hesabu, na hesabu hii hufanywa na wachache. Ile dola 3,000 anayohesabiwa mtu si fedha mkononi. Ni haki ya kununulia katika duka lile lile, na si kwingineko. Akienda kuliuza jiwe lake sokoni kwa fedha taslimu, mara nyingi atapewa nusu ya alichotoa, au pungufu, kwani bei ya dukani imebeba faida ya muuzaji. Kwa hiyo ni kweli kwamba duka linampa zaidi ya soko. Lakini linampa kwa sharti la kutoa nyingine kiasi kile kile, na jiwe jipya nalo, siku atakapotaka kuliuza, litakutana na soko lile lile. Kupandisha almasi, basi, si kupata faida ya ile ya kwanza. Ni kununua ya pili.

La tatu ni ukubwa wenyewe. Almasi hupimwa kwa karati, na karati 1 ni sehemu ya tano ya gramu. Almasi ya mviringo iliyokatwa vizuri, ikiwa ya karati 1, huwa na upana wa takriban milimita 6.5. Ikiwa ya karati 2, upana wake ni takriban milimita 8.1. Uzito umezidi maradufu, bali kinachoonekana kidoleni kimezidi kwa robo tu. Hali kadhalika, bei ya kila karati hupanda jiwe linapokuwa kubwa, hata karati 2 katika jiwe moja huwa ghali kuliko mawe mawili ya karati 1 ya daraja hiyo hiyo. Anayelipa maradufu, kwa hiyo, hapati hata uzito maradufu. Na akiamua kuongeza rangi au usafi badala ya ukubwa, ajue kwamba madaraja hayo hupangwa na wataalamu, na yale ya usafi hupangwa kwa kioo cha kukuzia mara 10. Tofauti ya daraja moja, jiwe likishakaa kwenye pete, shangazi zetu harusini hawataiona.

La nne ni bahari iliyo kati ya mnunuzi na duka. Kifurushi cha posta ya kawaida kina kikomo cha fidia kikipotea, na mara nyingi vito havimo kabisa katika fidia hiyo, basi sharti pawe na bima inayovitaja. Jiwe jipya likiingia hapa Uingereza hutozwa VAT ya asilimia 20, na thamani inayotazamwa ni ya jiwe zima, si ile tofauti uliyoongeza. Kwa jiwe la dola 6,000, hiyo ni dola 1,200 ambazo hazimo katika tangazo la duka. Mkwe wetu alipoiona hesabu hii alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama tumekosea. Tukaihesabu mara ya pili mbele yake.

Tena ni wajibu kuuliza jiwe ni la aina gani. Siku hizi zipo almasi zinazotengenezwa maabara, nazo ni kaboni ile ile kama zilizochimbwa ardhini. Mwaka 2018 mamlaka ya biashara ya Marekani iliondoa neno “asili” katika maelezo yake ya almasi, na mwaka huo huo De Beers wenyewe walianza kuziuza kwa dola 800 kila karati. Tangu hapo bei za almasi hizo zimeshuka mno. Si vibaya kuzivaa, lakini maduka mengi hayazipokei katika mpango wa kupandisha. Asiyeuliza mapema hujibiwa akiwa amechelewa.

Sasa tuingie katika lililo zito zaidi, nalo ni dini yetu. Sisi si mamufti, na kila mmoja amwendee shekhe wake. Lakini yapo mambo mawili ambayo hata mwanafunzi wa chuoni ameyasikia. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Fadhala bin Ubayd, aliyenunua siku ya Khaibar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12, na alipoitenganisha dhahabu akaikuta imezidi dinari hizo. Mtume, rehema na amani zimshukie, akafundisha kuwa kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Kadhalika iko habari ya Bilal aliyebadilisha tende duni pishi mbili kwa pishi moja ya tende nzuri. Akakatazwa, akaelekezwa aziuze zile duni kwanza, kisha kwa thamani yake anunue zilizo bora.

Almasi yenyewe, katika madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, si katika vitu vya riba kama dhahabu, fedha na vyakula. Jiwe kwa jiwe na nyongeza halina tatizo hilo. Tatizo ni dhahabu iliyolibeba. Ukirudisha pete ya dhahabu yenye jiwe ukachukua pete nyingine ya dhahabu yenye jiwe, na katikati mkatoana fedha, umelisogelea lile alilokatazwa Fadhala. Njia ya salama ni kulitoa jiwe, kuipeleka almasi peke yake, na dhahabu ibaki nyumbani. Au kuuza kwa fedha kwanza, bei ikamilike, kisha ndipo ununue. Ama ile tofauti kulipwa kwa mkopo wa riba, hilo halihitaji kufasiriwa.

Baada ya yote hayo ndipo tulipomuuliza mkwe wetu swali ambalo katika bahasha yake halikuwamo: “Mwanetu, pete hii ni ya nani?” Akacheka, akidhani tunafanya mzaha. Tukamwambia atafute cheti cha ndoa. Kumbe pete ile ilitajwa kwa jina lake katika mahari. Na mahari, kama ilivyoamriwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, ni mali ya mke, naye mume hana haki ndani yake ila kwa kile atakachoridhia mwenyewe kwa moyo safi. Hata kama isingekuwa mahari, zawadi iliyokwisha kupokelewa ni ya aliyepokea. Kuitoa sandukuni kwa siri na kuivusha bahari, hata kwa nia ya kuirudisha iliyo bora, ni kufanya biashara na mali ya mtu bila idhini yake. Wengi wetu wanaume hatulifikirii hili, kwa sababu fedha ilitoka mfukoni mwetu.

Akaenda akamwambia mkewe. Siku ya pili binti yetu alitupigia simu akatueleza alivyomjibu mumewe: “Baba watoto, ukitaka kunipa, nipe kingine. Usinibadilishie changu.” Hakusema kwa hasira. Alisema jiwe lile amelizoea, na kwamba alilolichagua mumewe wakati hawana kitu lina uzito ambao mizani ya karati haiupimi. Mkwe wetu alihuzunika kidogo, maana mtu aliyekwisha kuandaa furaha huona uzito kuivunja. Lakini alilipokea. Akamnunulia herini za dhahabu kwa sonara, fedha taslimu mkono kwa mkono, kwa kiasi kisichofika hata theluthi ya kile alichokusudia kutoa. Pete ilipelekwa kukazwa makucha yanayolishika jiwe, ambayo yalikuwa yamelika kwa miaka ya kufua na kupika.

Tuliposomesha tulikuwa tukiwatajia wanafunzi mgodi wa Mwadui, huko Shinyanga, uliogunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Mwaka 1947 alitunukiwa Binti Mfalme Elizabeth almasi ya waridi ya mgodi huo, ya karati 54.5, ambayo baada ya kukatwa ilibaki karati 23.6, ikatiwa katika bizimu yenye umbo la ua. Mwanamke yule, aliyekuja kuwa malkia, hakupungukiwa na vito. Naye aliendelea kuivaa ile ile kwa miaka mingi. Mwenye uwezo wa kubadilisha si lazima abadilishe.

Hatuna maana ya kuwazuia wenye kutaka. Mke akiridhia mwenyewe, hesabu ikawa wazi pamoja na kodi na bima, jiwe likatenganishwa na dhahabu, na tofauti ikalipwa kwa mali ya halali iliyozidi mahitaji ya nyumba, basi na wafanye, nasi tutawapongeza harusini. Wale wanaonunua leo kwa mara ya kwanza tunawausia waombe masharti ya kupandisha kwa maandishi, waweke cheti na risiti pahali pamoja, na waandike katika cheti cha ndoa kama pete ni mahari au ni zawadi. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo itakayowafaa kuliko zote.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuukunja mkeka wa zamani, muulize kwanza anayeukalia.

Wabillahi tawfiq.