Maji ya Lambo

Utotoni mwangu Sapiwi, wilayani Bariadi, mto ukikauka mama zetu walikwenda kuchimba mchanga wake. Walichota kwa kata mpaka maji yakaanza kuchuruzika, baridi na meupe, kwa kuwa mchanga ulikuwa umeshayachuja. Nyuma ya mji wa babu kulikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa tangu masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Sisi watoto tuliingia humo kutafuta furu na ukwaju, na bibi aliingia kutafuta magome ya dawa ya tumbo.

Pamba ndiyo iliyoila ngitili ile. Mashamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, miti ikaisha, na mvua iliyoanguka juu ya ardhi tupu ikakimbia badala ya kuzama. Ndipo malambo yakachimbwa kila upande. Ng'ombe walikunywa humo, wanawake walifua, nasi wavulana tuliogelea mchana kutwa.

Tukaanza kukojoa damu. Wakubwa wetu walituambia ndiyo kubalehe kwa mwanamume, tukajisifu. Wasichana hawakuwa na la kujisifia: damu yao ilishukiwa kuwa ya uasherati, wakanyamaza. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kilikuwa kichocho. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo, vijidudu hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hurudi majini na kupenya ngozi ya anayeoga. Lambo likikauka, konokono hujificha kwenye tope miezi mingi, akingoja mvua.

Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na ngitili zikaanza kufungwa upya kwa sheria za Wasukuma wenyewe. Nyasi na dawa vikarudi kwa waliofunga. Mkoa wa Simiyu, ambamo Bariadi imo sasa, ulizaliwa 2012, na mradi wa kuuletea maji ya Ziwa Victoria ukapata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017.

Shuleni watoto hupewa prazikwanteli. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa mwilini, haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini. Nilimwambia shangazi yangu awakataze wajukuu kuingia lamboni. Akanijibu, "Sawa, mwanangu. Na maji ya kuwaogesha niyatoe wapi?"