Mwalimu wa Ufahamu Asiyesoma Mkataba Wake

Niliacha kazi ya serikali bila kuaga. Kisha nikaishi katika nchi ya watu kwa mkataba, nikajifanya nimehamia. Hayo ni makosa mawili, na yote ni yangu. Sikudanganywa na wakala, wala mwajiri, wala jamaa. Kila nilichopaswa kukijua kilikuwa kwenye karatasi nilizotia sahihi mwenyewe. Na kazi iliyokuwa ikinilisha ni kuwafundisha watoto kusoma kifungu kwa makini na kujibu maswali ya ufahamu.

Mwaka 2012 nilikuwa nimetimiza miaka minane nikifundisha Kiingereza katika shule ya upili ya umma Pwani ya Kenya. Shule moja ya binafsi mjini Muscat, Oman, ikaniita kwa mshahara wa rial 600 kwa mwezi, zaidi ya mara tatu ya nilichokuwa nikipata. Mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyeona mengi, alinishauri niiandikie Tume ya Huduma za Walimu, TSC, niombe likizo bila malipo au nijiuzulu kwa utaratibu. Nikaona barua itazaa maswali. Wakikataa je? Nikanyamaza.

Septemba hiyo walimu wa Kenya nzima waligoma kwa takriban wiki tatu. Mgomo ule ulinifaa kuliko ulivyomfaa mwalimu yeyote mwingine nchini. Madarasa yote yalikuwa matupu, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba langu lilikuwa tupu kwa sababu tofauti. Wenzangu waliporudi kazini, mimi nilikuwa Oman. Kidato cha nne nilichokifundisha tangu kidato cha pili kiliingia kwenye mtihani wa KCSE bila mwalimu wake. Mishahara miwili iliingia benki baada ya mimi kuondoka. Niliila.

Mama yangu alinikumbusha ule msemo wa kutoacha mbachao kwa msala upitao. Nilicheka, nikamwambia msala huu haupiti.

Nieleze kwa nini nilidhani hivyo, maana na wewe unaweza kudhani vivyo hivyo. Mtu wa Pwani akienda Dubai au Doha anajua yuko ugenini. Muscat ni hadithi nyingine. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi iliyokuwa na shule 3 tu za kisasa, na wengi waliokuwa Zanzibar na bara ya Afrika Mashariki waliitika. Ndiyo maana unaweza kuingia dukani Mutrah, ukamsikia mzee aliyevaa kofia na kanzu ya Kiomani akimgombeza mjukuu wake kwa Kiswahili cha Unguja kilicho safi kuliko chako. Bibi jirani yetu, mzaliwa wa Mji Mkongwe, alikuwa akituletea mkate wa kumimina kila Ramadhani, nasi hatukumrudishia sahani tupu. Aliniita mwanangu. Alikuwa akiniambia, "Huku ni kwenu."

Alikuwa akinikaribisha tu, kama walivyofunzwa watu wa kwetu kumkaribisha mgeni. Mimi nikaupokea ukarimu wake kana kwamba ni hati ya ukaazi. Yeye na wenzake walikuwa wamerudi kwao. Mimi nilikuwa nimekuja kwao. Tofauti hiyo haikusikika katika mazungumzo yetu, kwa sababu lugha ilikuwa moja na chapati zilikuwa zilezile, lakini ilikuwa imechapwa kwenye kadi yangu ya ukaazi: mgeni, chini ya mwajiri fulani, hadi tarehe fulani.

Dalili nilizipata mapema. Nilipoulizia nyumba ya kununua, niliambiwa kwamba mgeni kama mimi huuziwa nyumba katika maeneo maalumu ya kitalii, na bei zake si za mwalimu. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize maswali. Mimi nilisema basi, tutapanga nyumba maisha yetu yote. Tena nikauza kiwanja changu cha Mtwapa, kwa sababu nilikuwa na haja ya gari na samani, na nikajiambia kwamba kiwanja ambacho hakuna atakayekijenga ni pesa zilizolala. Kila mkataba ulipokwisha tuliuongeza. Mke wangu aliuliza mara kadhaa kama tunarudi au tunabaki. Nilikuwa na jibu moja: tutaona. Nilidhani kuahirisha uamuzi ni kuwa mwangalifu. Kumbe nilikuwa nimeshaamua kubaki, bila kumuuliza mwenye nchi.

Janga la korona lilipofika, wazazi wengi wakashindwa kulipa karo, na shule ikapunguza walimu. Niliitwa ofisini kwa mhasibu katikati ya mwaka 2020. Mhasibu wetu alikuwa Mhindi wa Kerala, aliyeishi Oman miaka mingi kuliko sisi wote. Tulimteta kwa ubahili wake: gari bovu, chakula cha mchana kutoka nyumbani kila siku, hata kikombe cha chai hakununua. Alichukua penseli akanipigia hesabu ya kiinua mgongo. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani, mara nane mshahara wa mwezi, yaani rial 4,800. Yeye akaandika 1,625.

Nikamwambia amekosea. Hakubishana. Alifungua mkataba wangu, akaweka ncha ya penseli kwenye mstari mmoja. Katika zile rial 600, mshahara wa msingi ulikuwa 250. Zilizobaki zilikuwa marupurupu ya nyumba na usafiri. Sheria ya kazi ya wakati ule ilitoa siku 15 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka 3 ya mwanzo, na mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofuata, tena ikahesabu mshahara wa msingi peke yake. Chini ya mstari ule palikuwa na sahihi yangu, nzuri, ya mwalimu.

Lakini fedha sizo zilizonizindua. Juu ya meza yake palikuwa na kioo, na chini ya kioo picha ya nyumba ya ghorofa mbili, yenye minazi pembeni na rangi ya waridi iliyokolea kupita kiasi. Aliponiona naitazama, akaniambia ni yake, ilimchukua miaka kuimaliza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa: "Mwalimu, kwani wewe hukujenga kwenu?"

Sikuwa na jibu. Mtu niliyemcheka kwa chakula chake cha kubeba alikuwa amejua tangu siku ya kwanza kwamba yuko safarini, na alikula kama msafiri. Mimi niliishi kama mwenyeji, kwa kadi ya msafiri. Aliyefeli ufahamu alikuwa mimi.

Shule nyingine nazo zilikuwa zikipunguza watu. Zaidi ya hayo, wakati huo mgeni aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji barua ya kutopingwa na mwajiri wa zamani. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021. Sisi tulikuwa tumeondoka ndege ziliporuhusiwa tena, Oktoba 2020.

Gharama ni hizi. Kiinua mgongo kilikuwa kama Sh450,000, na kiliisha kwa kodi ya nyumba na karo. Kiwanja cha Mtwapa sasa kina nyumba ya mtu mwingine. Pensheni ya serikali ilidai utumishi usiopungua miaka 10, nami nilitoroka nikiwa nimebakiza miwili. TSC haikunisahau: kwao nilikuwa mtoro, na ile mishahara miwili bado nairejesha kidogo kidogo. Binti yangu alizungumza Kiswahili vizuri tu, ila hakuwa amewahi kuandika insha hata moja ya Kiswahili, maana mtaala wa Kiingereza aliosoma haukuwa na somo hilo. Aliwekwa darasa moja na watoto aliowazidi miaka miwili. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Kuna gharama ambayo siwezi kuilipa kwa awamu. Mmoja wa wanafunzi wa kile kidato cha nne nilikutana naye kivukoni Likoni. Alinisalimia kwa heshima, shikamoo mwalimu, kisha akaniuliza kama nilipona. Waliambiana kwamba nilikuwa mgonjwa. Nilimwambia ukweli. Akasema, "Aa, ulikwenda kutafuta," akanisamehe kwa njia iliyoniuma kuliko matusi.

Sijutii kwenda. Ningeulizwa leo, ningekwenda tena, maana zile rial zilimsomesha mdogo wangu na kumtibu mama. Kurudi nyumbani si ushujaa, na kubaki ng'ambo si usaliti. Kila moja ni uamuzi wenye karatasi zake, na karatasi hizo husomwa kabla, si baada. Tangu 2023 sheria mpya ya kazi ya Oman inatoa mwezi mzima kwa kila mwaka wa utumishi, tangu mwaka wa kwanza. Ni nafuu kubwa. Lakini bado ni mwezi wa mshahara wa msingi.

Siku hizi nafundisha shule ya binafsi Mombasa, na walimu vijana huniletea mikataba ya Ghuba niwasomee. Siwaambii waende au wasiende. Huwaomba wanionyeshe mambo matatu: mshahara wa msingi umeandikwa wapi, kadi ya ukaazi itakuwa chini ya nani, na nakala ya barua waliyomwandikia mwajiri wa hapa. Hayo mawili ya kwanza huyapata. Barua, kama mimi, huwa hawajaiandika. Basi hutoa karatasi, tukaiandika palepale. Haizidi ukurasa mmoja.