Nilimwekea mto, kumbe namziba pumzi!

Msomaji wangu, leo uniwie radhi. Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya vimwana wa mjini. Nina jipu langu mwenyewe, na nimeamua kulitumbua hapa hapa mbele yako.

Ilikuwa Jumamosi, majira ya saa kumi na moja jioni, Kariakoo. Wewe unayeijua Kariakoo ya Jumamosi huna haja ya kusimuliwa. Mtaa wa Kongo watu kama siafu, machinga wanashindana kupaza sauti. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anauza kandambili pale. Mimi nilimpitia tu kumpiga mzinga wa nauli, kama kawaida yangu.

Braza akavuka Uhuru kwenda kuchenji hela. Ile bodaboda sikuiona ilikotokea, nilisikia kishindo tu. Nilipogeuka, alikuwa chini kwenye lami, damu zinamtoka puani na mdomoni, macho kayafumba.

Dakika haikupita, watu wamejaa. Huyu anammwagia maji, yule anampepea kwa boksi, mwingine anampekua mifukoni eti anatafuta simu ya ndugu. Braza alikuwa anakoroma. Mama mmoja muuza mihogo akasema, "Msiogope, huyo kalala tu, si mnamsikia anavyokoroma?" Moyo ukanitulia. Nikavua begi langu la mgongoni, nikalikunja vizuri, nikamwekea chini ya kichwa kama mto. Nilijiona mtu wa maana kweli kweli.

Tukampakia kwenye bajaji. Nikamkalisha na kumkumbatia, kidevu kimemwangukia kifuani. Kwenye foleni kukoroma kukapungua. Nikajisemea, afadhali, anapata nafuu.

Nafuu gani bwana! Hospitali tuliyofika, mama nesi wa makamo alimwangalia mara moja tu akapiga kelele, "Nani kamkunja hivi?" Midomo ya braza ilikuwa imebadilika rangi. Wakamlaza chali, wakamsukuma taya mbele, wakamnyonya damu mdomoni kwa mashine, wakaanza kumpa hewa kwa mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono. Nilisimama mlangoni, hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

Daktari kijana akashika chuma chenye taa ili apitishe mrija kooni. Damu imejaa, haoni kitu. Akatoka, wakambinyia hewa tena, akarudia. Wapi! Hapo yule mama nesi akamkabidhi kitu cha plastiki laini, kifupi, kimepinda, mbele kimetuna kama kijiko cha kupakulia wali. Kikateleza mdomoni mpaka kikagota. Wakabinya mfuko. Kifua cha braza kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na hapo nahesabu na vimwana wote niliowahi kukuandikia.

Baadaye walimhamishia hospitali kubwa, huko akawekewa mrija wenyewe. Alilala siku kadhaa bila fahamu, kisha akaamka.

Wiki mbili zikapita, nikarudi kwa yule mama nesi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza kile kijiko ni kitu gani. Akacheka, akanichorea nyuma ya karatasi.

Kooni, alisema, kuna njia mbili: ya chakula na ya hewa. Mrija wa kawaida unapita katikati ya nyuzi za sauti na kuingia ndani kabisa ya bomba la hewa. Huo ndio unaolinda mapafu zaidi, lakini unataka mkono uliozoea na macho yanayoona njia. Kile kijiko hakiingii humo. Kinakaa juu ya mlango wa bomba na kuuzingira kama kikombe, hewa ikabaki na njia moja tu ya kwenda. Wao wanakiita LMA. Kuna cha kujazwa upepo pembeni kwa bomba la sindano, na kuna aina kama i-gel isiyohitaji kujazwa.

Aliyekibuni ni daktari Mwingereza wa usingizi, Archie Brain, mwaka 1981 mjini London. Aliandika habari zake 1983, na kikaanza kuuzwa 1988. Kwanza kilikuwa cha chumba cha upasuaji, baadaye watu wa dharura wakakiona dili.

Lakini mama nesi alinikanya nisikifanye muujiza. Mtu ambaye bado anakohoa au kutaka kutapika ukimguswa koo, hawekewi hivi hivi, atatapika. Matapishi yakipanda, hakizuii kama mrija. Na koo likiwa limevimba au limezibwa chini ya pale kinapokaa, hakisaidii. Ni daraja la kukuvusha, si nyumba ya kuhamia.

Nilipokwenda kusoma nikakuta hali ni hiyo hiyo. Uingereza walifanya utafiti, majibu yakatoka 2018, wagonjwa zaidi ya 9,000 ambao moyo ulisimama nje ya hospitali. Wahudumu wa ambulansi wengine walitumia i-gel, wengine mrija. Waliopona wakiwa na akili timamu hawakutofautiana kwa maana. Jirani zetu wa Kampala, pale Mulago, wakunga walijaribu kifaa kidogo cha namna hiyo kwa vichanga wasiopumua. Majibu ya 2020 yalisema wakunga wanakimudu na ni salama, ila hakikupunguza vifo wala madhara ya ubongo kuliko barakoa ya kawaida ya usoni. Maana yake ni kwamba kinachookoa ni hewa ifike mapema, iwe kwa njia gani.

Na mapema ni barabarani, pale Uhuru, kabla ya daktari. Muhimbili walifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na wataalamu wa fani hiyo wanafundishwa hapa hapa Bongo. Lakini mtaalamu hayupo Mtaa wa Kongo Jumamosi jioni. Ulikuwepo wewe, na nilikuwepo mimi na begi langu.

Kwa hiyo shika haya. Aliyepoteza fahamu akikoroma hajalala: ulimi umerudi nyuma, unaziba njia. Usimwekee mto, unakunja shingo na kumaliza njia iliyobaki. Usimwagie maji usoni wala kumnywesha. Msukume taya mbele, shingo ibaki imenyooka. Akitapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja. Asipopumua kabisa, bonyeza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita.

Sasa jipu lenyewe. Braza karudi kwenye kandambili zake, lakini anasahau. Mteja akiuliza bei, wakati mwingine ananigeukia mimi. Nilimuuliza mama nesi, ni ile bodaboda au ni begi langu? Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, hilo hakuna atakayekwambia."

Na mama mkubwa, kila wageni wakija, ananiita mbele yao. "Huyu ndiye aliyemwokoa mwanangu. Alimwekea mpaka mto!" Wageni wanapiga makofi, mimi natazama chini. Miezi sasa.

Mama mkubwa hasomi magazeti. Lakini braza anasoma, na ukurasa huu haukosi hata wiki moja. Braza, nimeshindwa kukwambia uso kwa uso. Begi ninalo bado, limekunjwa vile vile. Jumamosi nakuja, na safari hii sina shida ya nauli.

Wewe msomaji, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.